NANI KASEMA? SOMO LA NENO "INASEMEKANA"

Katika ukurasa huu nataka tulitazame neno moja tu, ambalo hapa shuleni husikika kila asubuhi hata kabla kengele haijalia: inasemekana. Inasemekana karo itapanda. Inasemekana karatasi ya Hesabu imevuja.

Tuanze na sarufi, kwani siri iko humo. Kitenzi ni sema. Katika kauli ya kutendwa twapata semwa, na hapo tunaweza kumtaja mtenda: "Jambo hili limesemwa na mwalimu wa zamu." Lakini katika kauli ya kutendeka mtenda hana pa kuingilia. Ukiandika "mlango umefungika na Juma" mwalimu atakukata alama, na ni haki yake. Vivyo hivyo "inasemekana na Juma" si Kiswahili. Kumbe anayesema inasemekana amekwisha kumficha msemaji, na sarufi yenyewe inamsaidia! Afadhali "eti" (wengine wetu husema "ati"). Mtu akikuambia "eti amepona", amekudokezea kuwa yeye mwenyewe ana shaka.

Jambo hili si mchezo. Mwaka wa 2011 watu wengi sana, wakiwemo Wakenya waliovuka mpaka, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Sasa angalieni maneno. Babu hakujificha: alisema alioteshwa na Mungu. Hayo waweza kuyakubali au kuyakataa, lakini wajua ni ya nani. Lililowapandisha wengi magarini ni lile jingine: "Inasemekana watu wanapona." Ukimwi, kisukari, vyote! Nani amepona? Alipimwa wapi kabla, na wapi baada ya kunywa? Maswali hayo hayana wa kuulizwa, maana mtenda hayupo. Na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya sentensi isiyo na mwenyewe.

Lakini msidhani kwamba jina likishatajwa basi mambo yamekwisha. Mwaka wa 1990 taasisi yetu ya utafiti, KEMRI, ilitoa dawa ya Ukimwi iliyoitwa Kemron, na Rais Moi mwenyewe akaitangaza. Majina makubwa hayo! Hata hivyo, watafiti wengine walipoijaribu hawakuyaona matokeo yale. Tofauti ni kwamba hapa palikuwa na watu wa kuulizwa na majaribio ya kurudiwa, ndiyo maana ukweli ukajulikana.

Najua yupo atakayenirushia methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi namjibu kwa sarufi tu: lisemwalo na nani?

ZOEZI: Geuza sentensi hizi ziwe katika kauli ya kutendwa, kisha mtaje mtenda.
(a) Inasemekana daraja la mtoni limebomoka.
(b) Inasemekana vidonge vya minyoo ni sumu.
(c) Inasemekana mwalimu wa Kemia anahama.
Asiyempata mtenda asimbuni. Aache nafasi wazi.