Anza na Ngozi: Namna Ninavyochapa Picha za Watu kwa Skrini

Wachapaji wengi wa skrini tunaofahamiana tumejifunzia kazi kwenye fulana, na kwenye fulana uso wa mtu huchapwa kwa rangi moja nyeusi. Picha inakolezwa kwenye kompyuta, inatolewa filamu moja, kazi imekwisha. Kwa fulana za kampeni inatosha. Ila mtu mweusi ukimchapa hivyo kwenye karatasi ya kutundikwa ukutani, unamfuta: paji la uso, mashavu na shingo vinamezwa na doa moja, yanabaki macho na meno. Ndiyo maana mimi naanza na ngozi, na skrini nyingi zinaishia hapo.

Kabla hujagusa wino, tazama waliotangulia. Andy Warhol alianza kutumia skrini mwaka 1962, na mwaka 1967 akatoa seti ya picha 10 za Marilyn Monroe, kila picha na rangi zake, kwa nakala 250. Uso wa nyota yule unageuka kuwa bidhaa mbele ya macho yako. Mwaka 2008 Mickalene Thomas, msanii wa Marekani, akaichukua njia hiyohiyo aliyoitumia Warhol kwa Jackie Kennedy, akamchapa Michelle Obama. Kuna hoja nzito pale: mwanamke mweusi anakaa kwenye kiti kilichozoeleka kuwa cha mwingine. Naye Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama kwa rangi za mafuta katika picha iliyozinduliwa Februari 2018, huipaka ngozi ya watu wake kijivu, ili mtazamaji asimpange mtu kwa rangi kabla hajamwangalia. Baadhi ya kazi zake zimetolewa pia kwa chapa za skrini za idadi maalumu. Mimi sikuifuata kijivu, kwa sababu watu ninaowachapa wana la kusema kuhusu rangi yao, na nataka walisemee wenyewe.

Basi namwita mhusika wakati wa kuchanganya wino. Napaka michirizi kwenye kipande cha karatasi ileile nitakayochapia, nasubiri ikauke (wino wa akriliki ukikauka hukolea kidogo), halafu naiweka kando ya mkono wake penye mwanga wa dirishani. Mama mmoja mshonaji, maji ya kunde hasa, alishika kile kipande akanyoosha mkono wake sambamba nacho. "Mwanangu, hapa umeniweka mweusi mkavu. Mimi nina wekundu kwa chini." Nikamwambia, "Sawa mama, tuuongeze." Tukaongeza, na alikuwa amesema kweli: wekundu ulikuwa kwenye viungo vya vidole na pembeni ya pua, mahali ambapo kamera ilikuwa imepafanya kahawia tupu.

Tabaka zangu huenda hivi. Kwanza manjano ya udongo, karibu uso mzima. Juu yake wekundu wa kutu, kisha hudhurungi, na mwisho zambarau nzito kwenye vivuli vya chini ya kidevu na kando ya macho. Nyeusi tupu naiweka kwenye mboni na nywele tu. Kila wino nauchanganya na besi nyingi isiyo na rangi ili tabaka la chini lionekane kupitia la juu. Mng'ao wa paji la uso usiuchape kwa wino mweupe, utaonekana kama unga. Uache wazi tangu skrini ya pili, manjano ya chini itang'aa yenyewe.

Mambo ya ufundi ni machache. Kwa fulana huwa tunatumia kitambaa cha nyuzi 43 hadi 55 kwa sentimita. Kwa karatasi panda hadi 90 hivi, nukta ndogo za kivuli zisizibe. Karatasi iwe ya pamba, gramu 250 au zaidi. Iache chumbani usiku kucha kabla ya kuchapa, kwa sababu karatasi hunywa unyevu na kutanuka, na pwani unyevu tunao wa kutosha. Ikitanuka katikati ya kazi, alama za kulinganisha hazitakutana na midomo itahama. Feni isipulize kuelekea skrini, wino utakaukia kwenye matundu. Skwiji ivute kwa mkupuo mmoja bila kusita.

Sasa idadi. Amua kabla ya kuanza, iandike kwenye daftari, usiibadilishe. Ukitaka nakala 30, kata karatasi za ziada, maana kila tabaka litaharibu chache. Zilizosalimika zilaze mezani zote, uzilinganishe na ile uliyoikubali kuwa ya mfano. Yenye jicho lililosogea ichane, hata kama inauma. Namba huandikwa kwa penseli chini ya picha, 1/30, 2/30, na sahihi upande wa kulia. Nakala za msanii ziwe chache, kama moja ya kumi, ziandikwe wazi kuwa ni za msanii. Ya kwanza kati ya hizo mimi humpa aliyechapwa. Pia nakubaliana naye kwa maandishi, kabla ya mauzo, sehemu yake ya fedha ni ipi. Sura ni yake, na sioni haki nyingine hapo.

Nakala ya mwisho ikishakauka, osha skrini zote kwa dawa ya kuondoa emalsheni, na filamu zikate. Mnunuzi akija baadaye anataka ya 31, mwambie zimekwisha, mwonyeshe daftari, kisha umuulize kama angependa kujiandikisha kwa picha ijayo.