Somo la Maisha: Moyo na Akili Vishauriane



Ukifika Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, utaonyeshwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema ngome hiyo ni ya karne ya 15. Hapo pana kisima. Wazee husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wenye wivu. Basi alikigawa kisima kwa ukuta, mke mmoja ateke maji upande huu, mwenziwe upande ule, wasikutane. Maji ni yale yale, lakini watekaji hawaonani.

Wengi wetu tumejenga ukuta kama huo ndani ya nafsi zetu. Upande mmoja umekaa moyo, upande wa pili imekaa akili. Leo tuna hasira au furaha, tunafuata moyo peke yake. Kesho tunafuata akili peke yake, tunahesabu senti hata pale panapotakiwa huruma. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuvikutanisha.

KAZI YA MOYO NA KAZI YA AKILI

Wako wanaosema, "Usifuate moyo, moyo mwongo." Kauli hiyo si kweli yote. Moyo ndio unaotuambia kitu gani tunakithamini. Mapenzi hutufanya tulee watoto. Hofu hutuzuia kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Lakini moyo haujui hesabu. Haujui bei wala tarehe. Kazi hiyo ni ya akili. Moyo husema, "Nataka hiki." Akili huuliza, "Kwa njia gani? Kwa gharama gani? Na lini?"

TUCHUKUE MFANO

Baba mmoja ana mikarafuu 20 aliyoirithi. Binti yake ameposwa, na siku ya harusi imekaribia. Karafuu bado hazijakomaa. Anakuja mtu na fedha mkononi, anataka kuikodi mikarafuu yote msimu huu kwa shilingi 300,000. Baba anafurahi. Anamwambia mkewe:

"Nitaikodisha yote. Mwanangu lazima aolewe kwa karamu. Sitaki watu waseme."

Mkewe anamjibu, "Bwana, watu watakula siku moja tu, karafuu zatulisha msimu mzima. Hebu lete kalamu kwanza."

Wakakaa mkekani, wakaandika. Tuseme kila mkarafuu utatoa kilo 3 za karafuu kavu. Mikarafuu 20 itatoa kilo 60. Tuseme bei ni shilingi 14,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 840,000. Ukitoa shilingi 240,000 za wachumaji na uanikaji, zitabaki 600,000. (Hesabu hii ni ya mfano. Bei ya kweli iulize kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC.)

Kumbe haraka ile ingewagharimu shilingi 300,000!

Lakini akili nayo isijivune. Mavuno ya karafuu hayalingani: mwaka huu mengi, mwaka ujao haba. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, karafuu huharibika majamvini. Fedha ya leo ni ya uhakika, ya kesho ni ya matumaini. Hilo nalo liandikwe.

Kisha mama akauliza, "Na mtoto mwenyewe, umemuuliza?"

Binti akaitwa. Akasema, "Baba, mimi nataka radhi zenu. Karamu ya deni siitaki."

Hapo baba akanyamaza. Alifahamu kwamba kile alichokiita mapenzi kwa mtoto, nusu yake ilikuwa ni hofu ya maneno ya watu. Mapenzi yalikuwa ya kweli, ayafuate. Hofu ile ilikuwa ya bure, aiache.

Wakaamua hivi: wakodishe mikarafuu 5 tu, wapate shilingi 75,000. Nikaha ifungwe siku ile ile, kwa halua na kahawa. Mikarafuu 15 ibaki, na karamu ingoje mavuno. Moyo haukunyimwa, na akili haikudharauliwa.

LAKINI SI KILA JAMBO HUNGOJA

Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, baba asikae kuhesabu nauli. Moyo ukishtuka namna hiyo, huo ndio ushauri wa kufuata. Mpeleke mtoto kituo cha afya upesi, habari ya deni itazungumzwa kesho. Anayehesabu wakati wa kuokoa amekosea sawasawa na yule anayekurupuka wakati wa kuhesabu.

HATUA NNE ZA KUFUATA

1. Jiulize: jambo hili laweza kungoja? Kama laweza, lala nalo walau usiku mmoja. Usitoe talaka kwa hasira. Usiuze shamba siku ya ugomvi. Wahenga walisema, hasira hasara.

2. Litaje kwa jina lake lile unaloliona moyoni. Ni mapenzi? Ni wivu? Ni aibu? Ni tamaa? Ukilitaja, utajua kama linafaa kufuatwa.

3. Chukua daftari, chora mstari katikati. Upande mmoja andika faida, upande wa pili hasara. Hukujifunza kuandika kwa ajili ya barua tu. Jambo lililoandikwa halibadiliki kila moyo unapobadilika.

4. Shauriana na wale ambao uamuzi utawagusa, na mtu mmoja asiyeogopa kukuambia kweli. Anayekusifu kila siku si mshauri.

Ukifuata hatua hizi, huenda bado ukakosea, maana mwanadamu si malaika. Lakini utajua ulikosea wapi, na mara ya pili utaamua vizuri zaidi.

MASWALI

1. Baba alikuwa na hisia mbili moyoni. Zitaje. Ipi ilifaa kufuatwa?

2. Mikarafuu 15 ikitoa kilo 3 kila mmoja, kwa bei ile ile ya shilingi 14,000, jumla ni shilingi ngapi? Ukitoa shilingi 180,000 za gharama, zitabaki ngapi? Ongeza zile 75,000. Je, familia ilipata zaidi ya 300,000?

3. Kumbuka uamuzi mmoja ulioujutia. Uandike katika mistari mitano. Je, ulikosa moyo, au ulikosa akili?