Jina la Chuo na Karo: Lipi Litangulie?



Mimi nafundisha hesabu hapa Kuluva. Kila mwaka hunijia vijana niliowafundisha zamani, ambao sasa wana digrii ya kwanza ya uinjinia na wanataka kwenda mbele kutafuta ya pili. Huja na barua mbili mkononi. Moja imetoka chuo chenye jina kubwa duniani, lakini chataka karo. Nyingine imetoka chuo kisichojulikana sana, nacho chakubali kulipa gharama zote. Huniuliza, "Mwalimu, niende wapi?" Nimeona yafaa niandike jibu langu hapa, ili ninyi mlio bado shuleni mjifunze kupima jambo hili mapema.

Jambo lenyewe si la kijana peke yake. Karo ikitakiwa, wazee wa ukoo huitwa, na pengine ng'ombe au shamba huuzwa. Tena West Nile yahitaji mainjinia wake. Kituo cha umeme cha Nyagak, karibu na Paidha, kilianza kazi mwaka 2012, nacho ni cha megawati 3.5 tu. Kazi ya umeme, maji na barabara ingali nyingi. Lakini injinia mwenye deni kubwa hawezi kukaa hapa, maana mshahara wa hapa hautalimaliza deni lake.

Zamani hapakuwa na kuchagua. Royal Technical College ilifunguliwa Nairobi mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipoanzishwa mwaka 1963, uinjinia ulifundishwa Nairobi, sheria Dar es Salaam, na udaktari mwanzoni Makerere. Kijana wa Arua aliyetaka uinjinia alikwenda Nairobi, basi. Chuo hicho kiligawanyika mwaka 1970, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Leo njia ni nyingi, na penye njia nyingi ndipo panapotakiwa hesabu.

Kwanza: daraja la chuo hupimwa namna gani?

Orodha za vyuo vya dunia si za zamani sana. Ile ya Shanghai ilianza mwaka 2003. Katika orodha yake kuu, alama 30 katika 100 hutolewa kwa ajili ya tuzo za Nobel na medali za Fields walizopata walimu wa chuo na watu waliosoma pale. Basi fikirini: hakuna tuzo ya Nobel ya uinjinia, na medali ya Fields ni ya hesabu. Orodha ya QS nayo hutoa alama nyingi kwa maoni ya wasomi na ya waajiri, yaani kwa sifa ya chuo. Sisemi kwamba orodha hizi ni za uongo. Nasema kwamba hupima chuo kizima na utafiti wake. Hazikuambii kama mwalimu atakayekusimamia ana nafasi ya kukutazama, wala kama mashine ya maabara utakayoihitaji ipo.

Pili: fedha hutoka wapi?

Skolashipu si za namna moja. Zile za Commonwealth zilianzishwa mwaka 1959. Chevening ya Uingereza hulipia mwaka mmoja wa digrii ya pili, kwa sharti kwamba baadaye urudi kwenu kwa muda usiopungua miaka miwili. Ujerumani ina DAAD, ambayo imewasaidia wengi kusoma hata katika vyuo vya Afrika. Umoja wa Afrika una Pan African University: tawi lake la sayansi na teknolojia lipo Juja, Kenya, na la maji na nishati lipo Tlemcen, Algeria. Chuo cha KAUST cha Saudi Arabia kilifunguliwa mwaka 2009 kikiwa na mpango wa kuwalipia wanafunzi wake. Marekani, anayesomea udaktari wa falsafa katika uinjinia mara nyingi hulipiwa karo na kupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, lakini wa digrii ya pili mara nyingi hujilipia.

Kwa hiyo barua ikisema "tutakusaidia", usifurahi upesi. Uliza: Ni kwa miezi mingapi? Je, nauli, viza na bima zimo? Fedha zikiwa za mradi wa mwalimu mmoja, mradi ukiisha itakuwaje?

Tatu: tufanye hesabu.

Tuseme chuo A, chenye jina kubwa, chataka karo dola 30,000 kwa mwaka mmoja. Chakula na nyumba ni dola 15,000, nauli na viza 2,000. Jumla ni 47,000. Chuo chatoa msaada wa 12,000. Pengo ni dola 35,000.

Chuo B chalipa karo yote kwa miaka miwili, na posho ya dola 1,000 kila mwezi. Matumizi ni 850 kwa mwezi. Kwa miezi 24 husalia 3,600. Toa nauli na viza 2,000, zabaki 1,600.

Sasa kijana wa chuo A akope zile 35,000 kwa riba ya 10 katika 100 kwa mwaka. Arudi, apate kazi, aweke akiba dola 300 kila mwezi. Kwa mwaka ni 3,600. Riba ya mwaka ule ni 3,500. Basi baada ya kufanya kazi miezi kumi na miwili, deni limepungua kwa dola 100 tu! Ni kweli amemaliza mwaka mmoja kabla ya mwenzake, lakini mapato ya mwaka ule yamemezwa na riba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne: ni lini jina litangulie?

Jina lina kazi yake. Ikiwa vyuo vyote viwili vinalipa, chagua kile chenye maabara na msimamizi bora katika fani yako. Hapo daraja la idara lafaa kutazamwa kuliko la chuo kizima. Tena wako waajiri wanaotazama jina, na tangu mwaka 2022 Uingereza ina viza kwa waliohitimu vyuo vya juu katika orodha. Lakini hakikisha pia kwamba digrii hiyo inatambuliwa nchini mwako.

Shauri langu ni hili: fedha ziwe mlango, na jina liwe kiti. Vyuo visivyolipika viache nje ya mlango. Katika vile vilivyobaki, ndipo uchague kiti kilicho kizuri.

Maswali

1. Chuo chatoa posho ya dola 900 kwa mwezi, na matumizi ni 950. Kwa miezi 24 utapungukiwa kiasi gani?
2. Kijana wa chuo A akiweka akiba dola 500 kwa mwezi, deni litapungua kwa kiasi gani mwaka wa kwanza?
3. Andika maswali matatu ambayo ungemwuliza msimamizi kabla ya kukubali nafasi.