CHETI CHA DAMU MLANGONI PA NDOA



Kila mwaka Pasaka ikiisha kupita, matangazo ya ndoa husomwa kwa wingi katika parokia za pwani yetu, tangu Bunju na Mapinga hata Bagamoyo na Chalinze. Na kila mwaka swali lile lile hurudi. Wazazi wa binti humwendea padre na kumwambia: "Baba Paroko, usiwafungishe ndoa hawa mpaka kijana atuletee cheti cha hospitali, tujue kama damu yake ni safi." Padre akisita, huonekana kuwa hajali watoto wa watu. Akikubali, huonekana kuwa mchungaji mwema.

Swali hili si dogo, maana ndani yake mna uhai wa mtu na heshima ya sakramenti. Basi leo tujifunze pamoja: sheria ya nchi yasemaje, na sheria ya Kanisa yasemaje.

Sheria ya nchi

Bunge letu lilitunga Sheria ya UKIMWI mwaka 2008, nayo ni Sheria namba 28 ya mwaka ule. Yafaa kila mzazi ajue mambo yake matatu.

Kwanza, kupima ni hiari. Hakuna mtu awezaye kulazimishwa kupimwa virusi vya UKIMWI, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, kama vile amri ya mahakama, au mtu anayetoa kiungo chake apewe mgonjwa. Tabibu ampimaye mtu kwa nguvu au bila yeye kujua ametenda kosa. Mwaka 2019 sheria hii ilirekebishwa: umri wa kijana kuweza kuamua mwenyewe kupimwa ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15, na mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe.

Pili, majibu ni siri ya mwenye kupimwa. Hupewa yeye mwenyewe. Sheria imetaja wachache tu wanaoweza kuelezwa zaidi yake: mzazi wa mtoto, mlezi wa asiyeweza kuelewa majibu, mwenzi wake, na mahakama inapohusika. Katibu wa parokia hakutajwa, wala katekista, wala kamati ya harusi.

Tatu, aliyekwisha kujua kwamba anavyo virusi ana wajibu wa kumwambia mwenzi wake mara moja, na kujihadhari asimwambukize. Amwambukizaye mwingine kwa makusudi hufungwa jela.

Basi parokia isemayo "bila cheti hakuna ndoa" imekaribia mno kumlazimisha mtu, hata ikiwa nia yake ni njema. Tena tufikiri karatasi ile itapita mikononi mwa nani. Ikisomwa ofisini siku ya Alhamisi, Jumapili itakuwa imekwisha kufika sokoni na ufukweni.

Sheria ya Kanisa

Kanisa lafundisha kwamba kila mtu asiyezuiliwa na sheria aweza kufunga ndoa (kanuni 1058). Vizuizi vya kubatilisha ndoa huwekwa na mamlaka kuu ya Kanisa peke yake (kanuni 1075), na ugonjwa huu haumo miongoni mwake. Kwa hiyo paroko hawezi kujitungia kizuizi kipya, wala baraza la walei haliwezi.

Walakini mtu asiseme: "Basi nitanyamaza, maana sheria yanilinda." Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Sheria ya nchi yamtaja mwenzi. Wachumba wanaoishi katika usafi kama wafundishwavyo na Kanisa bado hawajawa mume na mke, na mtu mwenye hila aweza kujisemea kwamba wajibu wake utaanza baada ya harusi. Lakini baada ya harusi binti amekwisha kujitoa mwili na maisha bila kujua anajitoa kwa nini. Nafasi hii iliyoachwa na sheria ya serikali yajazwa na dhamiri, nalo Kanisa halikunyamaza. Kanuni 1098 yafundisha kwamba mtu aliyevutwa katika ndoa kwa hila, akafichwa juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga sana maisha ya ndoa, ndoa yake ni batili. Kila shauri huamuliwa na mahakama ya Kanisa kwa ushahidi wake. Hata hivyo onyo liko wazi: ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu si ridhaa.

Kwa hiyo haki ya siri ni kweli, na deni la ukweli kwa mchumba ni kweli pia. Siri yanilinda mbele ya umati. Hainipi ruhusa ya kumdanganya yule nitakayemwapia mbele ya altare.

Cheti hakiwezi kuchukua mahali pa ukweli

Cheti husema habari za siku ile tu. Aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita aweza kuonekana hana kitu. Cheti huweza pia kughushiwa, na mtu aliyezoea kutishwa ndiye atakayekighushi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini aliyemtisha mgonjwa hata akaficha ana sehemu yake ya lawama.

Tena hofu hii yatoka katika miaka iliyopita. Ugonjwa ulipoonekana mara ya kwanza nchini, huko Kagera mwaka 1983, haukuwa na dawa. Tangu mwaka 2004 dawa za kuufubaza hutolewa bure nchini, na tangu mwaka 2016 kila aonekanaye na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja adhoofike. Anayezimeza sawasawa, hata virusi vikawa havionekani tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito atumiaye dawa aweza kuzaa mtoto mzima. Mvuvi aendaye dago, akiwa hali yake imetulia, aweza kupewa dawa za miezi kadhaa. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi, wapatao 83 walijua hali yao, na katika hao waliojua karibu wote walikuwa wakitumia dawa. Maana yake wengi wa wasiotibiwa ni wale wasiojua, na asiyejua ni yule aliyeogopa kupima, au ambaye hakufikiwa.

Tufanye nini?

Mapadre na makatekista, tuwafundishe wachumba wote bila ubaguzi, tena mapema, kabla kadi za harusi hazijachapwa. Tuwashauri wapime, tusiwadai karatasi.

Wachumba, nendeni pamoja. Kila mmoja apokee majibu yake, kisha amwambie mwenzake kwa kinywa chake. Ikionekana mmoja anavyo virusi, kaeni na tabibu na padre, mfikiri bila haraka. Anayeamua kuendelea aendelee akijua, na anayeamua kurudi nyuma arudi bila kutangaza siri ya mwenzake.

Wazazi, msiulize cheti. Waulizeni watoto wenu kama wameambiana kweli.

Hapa Bagamoyo, misioni ya mwaka 1868 iliwapokea watu waliokombolewa utumwani, wakajenga nyumba na kufunga ndoa. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kusema "ndiyo" yake mwenyewe, wala "hapana." Wazee wale walijua thamani ya neno la mtu huru. Nasi tusifungishe ndoa kwa hofu wala kwa hila, bali kwa neno la watu wawili walio huru na wanaojuana kweli.