Si Kila Homa ni Malaria: Jinsi Babesiosisi Inavyotambuliwa

Wafugaji wanamfahamu ng'ombe anayekojoa mkojo mwekundu baada ya kuumwa na kupe. Kinachomwangusha ni babesia, kimelea kinachoingia katika chembechembe nyekundu za damu na kuzipasua. Kuna jamii nyingine za babesia zinazompata binadamu, na ugonjwa huo huitwa babesiosisi. Ni nadra, lakini unaweza kumuua mzee, mtu mwenye kinga hafifu au aliyeondolewa bandama.

Kisa cha kwanza kwa binadamu kiliripotiwa mwaka wa 1957 karibu na Zagreb, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Mgonjwa hakuwa na bandama, na alichunga ng'ombe kwenye malisho yenye kupe. Alifariki. Siku hizi visa vingi huripotiwa Marekani, hasa majimbo ya kaskazini mashariki.

Kwa nini hufananishwa na malaria?

Dalili ni zilezile: homa, baridi, jasho, maumivu ya kichwa na viungo, uchovu na upungufu wa damu. Hata chini ya hadubini, vimelea vyote viwili huonekana kama pete ndogo ndani ya chembe nyekundu.

Maabara hutofautisha vipi?

• Vimelea vya malaria vikikomaa huacha chembe za rangi ya kahawia. Babesia haiachi.
• Babesia wakati mwingine hukaa minneminne, mfano wa msalaba. Umbo hili halionekani kila mara, ila likionekana ni ushahidi mkubwa.
• Vimelea vikiwa vichache, slaidi moja inaweza kuvikosa. Ndiyo maana damu huchukuliwa tena siku zinazofuata.
• Shaka ikibaki, hufanywa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea.

Kipimo cha haraka cha malaria hakikuundwa kutafuta babesia.

Mweleze daktari nini?

Hapa Kenya malaria ndiyo ya kupimwa kwanza. Majibu yakisema huna malaria na homa inaendelea, usinunue dawa za malaria dukani. Rudi kituoni, na useme bila kungoja kuulizwa iwapo:

• uliumwa na kupe, au ulikuwa malishoni au msituni. Dalili huanza wiki 1 hadi 4 baadaye, na wengi hawakumbuki kuumwa kwa kuwa kupe huyo ni mdogo sana;
• ulisafiri nchi za nje, na wapi;
• uliongezewa damu miezi ya karibuni;
• uliondolewa bandama.

Maelezo hayo ndiyo humfanya mtaalamu wa maabara atafute kitu kingine zaidi ya malaria. Ugonjwa ukitambuliwa mapema unatibika, kwa kawaida kwa dawa mbili zinazotumiwa pamoja kwa siku 7 hadi 10.

Ukitoka malishoni, kagua mwili wako na wa watoto. Kupe akipatikana, mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute taratibu, kisha osha mahali hapo kwa sabuni.