Adabu ya Kunena Mbele ya Watu

Vijana wa darsa yetu wameomba wafundishwe kunena mbele ya watu, kwani kila mmoja wao ataitwa siku moja kusema, ikiwa ni arusini, matangani, au juu ya mimbari. Nimeona nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilitakiwa nitoe mawaidha mafupi matangani hapa Malindi. Nikamwaga kila nililosoma, nahau na mashairi ya Kiarabu na majina ya vitabu, karibu saa nzima. Nilipokwisha, bibi mmoja mzee aliyekuwa nyuma ya pazia akaniita. Akasema: "Mwanangu, umenena vizuri sana. Sasa niambie, umenena nini?" Sikuwa na jibu.

Basi, enyi vijana, hilo ndilo swali la kwanza. Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, twafahamu kwamba kila Mtume aliwasemesha watu wake kwa lugha yao. Na Nabii Musa alipoamrishwa kumwendea Firauni aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili afahamike, hakuomba asifiwe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa bahari ya Kiarabu, lakini alipotaka kuwazindua watu wa pwani katika gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, aliwaandikia Kiswahili.

Swali la pili ni gumu zaidi: mtu aliyekwisha kufahamu, atakubalije? Kwa hili nina mfano wa karibu, wala msinishangae kuutoa kwa Wagiriama, jirani zetu. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilidai kodi ya nyumba na ikataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Akasimama Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane asiye na cheo, akazunguka vijijini akikusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga. Ngoma ile na viapo vilivyoliwa Kaya Fungo si vyetu, na mimi sivisifu. Nasema juu ya ulimi wake tu.

Husimuliwa kwamba siku moja mkutanoni, mbele ya Arthur Champion, mtumishi wa serikali, alileta kuku na vifaranga vyake, akamtaka bwana yule achukue kimoja. Aliponyosha mkono, kuku akamdona. Mekatilili akamwambia kwamba hayo ndiyo yatakayompata akijaribu kuwatwaa watoto wao.

Tazameni alivyofanya. Hakuhesabu kodi wala hakutaja sheria. Alileta kitu ambacho kila aliyekuwapo amekifuga uani kwake, akakifungamanisha na uchungu ambao kila mzazi alikuwa nao tayari. Msikilizaji hakuambiwa akubali. Alijikuta amekwisha kukubali. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alikamatwa akahamishwa mbali, upande wa Kisii, na mwaka 1914 akatoroka akarudi kwao. Serikali haimfungi mtu ambaye maneno yake hayaingii masikioni.

Lakini tahadharini. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametujulisha kwamba katika ufasaha mna namna ya uchawi, na wanavyuoni wamekhitalifiana kama ni sifa au ni lawama. Mimi naona ni yote mawili. Mfano mzuri humwingiza mtu katika uwongo kwa wepesi ule ule, na aliyedanganywa kwa ulimi mtamu ni mzito kurudi. Kwa hivyo kwanza jihakikishie neno lako ni kweli, ndipo umtafute kuku wako.

Ama khutba ya Ijumaa, nguzo zake tano katika madhehebu yetu ya Shafi zikae kama zilivyo, kwa Kiarabu chake. Wala usirefushe: katika Hadithi, ufupi wa khutba na urefu wa sala ni dalili ya ufahamu wa mtu. Mawaidha ndiyo mahali pa Kiswahili, na hapo neno moja latosha, mawili hugombana.

Mimi, tangu siku ya bibi yule, kila nitakalo kusema mbele ya watu humweleza kwanza mtu wa nyumbani, jioni, tukinywa chai. Akiweza kunirudishia kabla chai haijapoa, huenda nalo. Akinyamaza, huichana karatasi.