Viumbe Wasioonekana na Maana ya Neno "Jini"

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mtu akipatwa ghafla na ugonjwa usioeleweka, mara nyingi husemwa kwamba ameingiwa na jini au pepo. Hata lugha yetu imeihifadhi fikira hiyo, kwani ugonjwa unaokaza taya na kuupinda mgongo wa mgonjwa twauita pepopunda. Kwa hiyo ndugu wanaoingia katika Islam, na wale wanaoichunguza, huuliza: Kurani Tukufu yataja majini, je, Islam yafundisha kwamba magonjwa huletwa na mapepo yanayopungwa kwa ngoma na kuchinjiwa kuku? Swali hili si la maneno matupu. Jibu lake laweza kuokoa uhai wa mtoto au kuupoteza.

MAANA YA NENO

Neno jinn la Kiarabu latokana na shina lenye maana ya kuficha au kufunika. Katika shina hilo hilo limo neno janin, yaani mtoto aliye tumboni, kwa kuwa amefichika. Na janna, yaani bustani ambayo ardhi yake imefunikwa na miti. Na junna, yaani ngao, kwa kuwa humkinga na kumficha mpiganaji. Basi kwa asili ya lugha kila kilichofichika na macho ya watu chaweza kuitwa jini. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad (r.h.), Khalifa wa Nne wa Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alieleza katika kitabu chake cha Kiingereza kilichotolewa mwaka 1998 kwamba neno hilo laweza kuhusu pia vijidudu visivyoonekana, kama vile bakteria na virusi.

Hatusemi kwamba kila lilipotajwa neno jini makusudio ni vijidudu. Mahali pengine hukusudiwa watu wakubwa wanaojitenga na watu wa kawaida, au wageni wa nchi za mbali. Makusudio hujulikana kwa maneno yanayotangulia na yanayofuata.

CHAKULA CHA MAJINI

Sasa itazamwe Hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikataza mtu kujisafisha baada ya haja kwa mifupa au kwa mavi makavu ya wanyama, na alipoulizwa sababu alieleza kwamba vitu hivyo ni chakula cha majini. Zama zile hapakuwa na hadubini, wala hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mifupa na mavi huliwa na viumbe wasioonekana.

Zaidi ya miaka elfu moja ilipita. Mwaka 1676 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, aliiandikia jumuiya ya wataalamu ya London, iitwayo Royal Society, akaeleza viumbe wadogo mno aliowaona ndani ya maji kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu. Na mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Koch mjini Berlin, alifaulu kukitenga na kukiotesha peke yake kijidudu cha pepopunda.

Na je, kijidudu hicho hukaa wapi? Hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Huko hujifungia ndani ya ganda gumu, nacho chaweza kuishi hivyo miaka mingi. Kikiingia katika kidonda kirefu kisichopata hewa, huamka, huzaana, na kutoa sumu inayoikaza misuli ya mwili. Yule aliyeitwa pepo na wazee wetu kwa kutomwona, ameonekana.

Hapa ndipo penye hatari kwa watoto wetu. Kitovu cha mtoto mchanga kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa udongo au mavi ya ng'ombe kama ilivyo desturi ya mahali pengine, kijidudu hicho hupata mlango. Baada ya siku chache, mara nyingi katika juma la kwanza au la pili, mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri hushindwa kunyonya, kisha hukakamaa. Ngoma haiondoi sumu hiyo, wala damu ya kuku haiondoi. Kinachomkinga mtoto ni chanjo apewayo mama wakati wa mimba, mikono iliyooshwa, wembe safi, na kitovu kuachwa kisafi na kikavu. Na dalili hizo zikionekana, apelekwe hospitali saa ile ile.

WATUMISHI WENGI, ADUI WACHACHE

Lakini itakuwa kosa kudhani kwamba viumbe hao wote ni adui. Kurani Tukufu yatufahamisha kwamba wenye akili huufikiri uumbaji wa mbingu na ardhi, wakakiri kuwa haukuumbwa bure (3:192). Ng'oa mche wa kunde wenye afya, uitazame mizizi yake. Utaona vifundo vidogo vidogo, navyo ni nyumba za bakteria. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na mimea huihitaji, lakini haiwezi kuichukua kutoka hewani kwa nguvu zake yenyewe. Bakteria hao huibadilisha ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa sukari. Ndiyo maana shamba lililopandwa kunde hupata rutuba.

Vivyo hivyo ng'ombe hawezi kuyameng'enya majani magumu bila ya vijidudu vilivyo tumboni mwake. Maziwa hayawi mtindi bila ya bakteria. Na kama mifupa, mavi na mizoga isingekuwa chakula cha viumbe hao, dunia ingejaa uchafu na udongo ungekufa njaa. Hata ndani ya mwili wa mtu mmoja, kwa makadirio ya wanasayansi yaliyotolewa mwaka 2016, mna bakteria wapatao trilioni 38, na walio wengi hawamdhuru.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona mjini London kwamba ukungu ulioota katika chombo chake ulikuwa umewaua bakteria waliokuwa jirani nao. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa penisilini, dawa iliyotoka kwa kiumbe mdogo kama wale inaowaua.

WAJIBU WETU

Islam haikutuachia hofu, bali imetupa kanuni. Mtume (s.a.w.) aliagiza mtu aamkapo aoshe mikono kabla ya kuitia katika chombo cha maji, vyombo vya chakula na maji vifunikwe, mtu asikojoe katika maji yaliyotuama, na penye tauni asiingie aliye nje, wala asitoke aliye ndani. Alihimiza mswaki, na udhu twaujua sote. Kanuni hizi hazimhitaji mganga wala hazigharimu mbuzi.

Basi anayemchinjia jini kafara hukosea mara mbili: humpa kiumbe heshima iliyo haki ya Muumba peke Yake, na humnyima mgonjwa dawa ambayo Muumba huyo amemwekea. Viumbe wasioonekana, wenye kufaa na wenye kudhuru, wote wamo chini ya sheria za Mwenyezi Mungu. Wa kuogopwa ni Yeye, na sheria Zake ni za kujifunza.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atutakase miili na mioyo, na awalinde watoto wetu. Amin.